Kasi ya Mkono wa Mtu Mzima

Bendi kongwe ya thrashi metali ikitangaza albamu mpya baada ya miaka mingi ya kimya, mashabiki huuliza kwanza kama bado wana kasi. Ni swali halali, maana kasi ndiyo iliyowapa jina. Ila linaulizwa nusu. Kwa mpiga gitaa wa miaka 46 kinachonishughulisha zaidi ni namna anavyoitumia kasi aliyonayo, na sijui albamu inayolionyesha hilo vizuri kuliko Slaves to the Grave ya Rigor Mortis, bendi iliyozaliwa Arlington, Texas, katikati ya Dallas na Fort Worth.

Tuanze na hesabu ndogo. Thrashi inayokimbia hufika mapigo 200 kwa dakika. Kila pigo ukiligawa mara 4, mkono wa kulia wa mpiga gitaa unagusa waya mara 800 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 13 kwa sekunde. Na waya hauachwi wazi. Ubavu wa kiganja unalala juu ya nyuzi, karibu kabisa na pale zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, ili kila noti ikatike mara tu inapotoka. Kiganja kikilegea, noti zinachanganyikana. Kikibana mno, sauti inakufa. Amplifaya nayo imewekwa sauti ya kukwaruza inayolikuza kila kosa.

Aliyekulia kwenye sebene anaijua kasi. Mpiga gitaa Diblo Dibala wa Kongo hakuitwa Machine Gun bure. Lakini sebene humwachia mchezaji nafasi ya kupumua: solo inaelea juu, rithim na besi zinashikilia chini, kila mtu na mlango wake. Kwenye thrashi kazi ya mbio imekabidhiwa rithim yenyewe, kwenye nyuzi nene za chini, na drams zinakimbia nayo bega kwa bega. Mkono huo mmoja ukichoka, wimbo mzima unaporomoka.

Kijana huipata kasi hiyo kwa nguvu. Anakaza mkono kuanzia begani, anapiga kwa kiwiko, na kwa kuwa ana miaka 20 mwili unamsamehe. Baada ya miongo 2 au 3 mwili huanza kudai. Tom Araya wa Slayer alifanyiwa upasuaji wa shingo mwaka 2010, akaacha kabisa kutikisa kichwa jukwaani, jambo ambalo kwa mashabiki wake lilikuwa sehemu ya onyesho. Anayefika umri huo akiwa bado na mbio ni yule aliyejifunza kupunguza mwendo wa mkono: kifundo peke yake kinacheza, kipande cha plastiki kinasogea milimita chache tu pande zote mbili za waya, kinapiga kikishuka na kikipanda, na msuli unaachiwa ulegee katikati ya pigo na pigo. Ukimtazama mtu wa namna hiyo unaweza kudhani hafanyi kitu.

Mike Scaccia alikuwa mtu wa namna hiyo. Yeye, Casey Orr kwenye besi na Harden Harrison kwenye drams waliianzisha Rigor Mortis mwaka 1983, na Bruce Corbitt akaingia kama mwimbaji mwaka 1986. Albamu yao ya kwanza, iliyobeba jina la bendi, ilitolewa na kampuni ya Capitol mwaka 1988. Nyimbo kama Re-Animator na Wizard of Gore zilichota majina yake kwenye filamu za kutisha, na hilo liliwafanya wengine wawachukulie kama watoto wa mzaha. Sikiliza mkono wa kulia wa Scaccia humo uone kama kuna mzaha. Wakati Pantera, majirani zao wa Arlington, wakielekea kwenye mapigo mazito yenye mwendo wa kudunda, hawa walishikilia mbio tupu.

Kilichofuata ni kile kinachozipata bendi nyingi za aina hii. Corbitt alitoka, albamu ya mwaka 1991 ikaimbwa na Doyle Bright, kisha kundi likavunjika. Scaccia alikuwa ameshaingia Ministry, bendi ya Al Jourgensen. Orr akajiunga na bendi ya GWAR, akapanda jukwaani amevaa mavazi ya jitu. Walirudiana mwaka 2005, safu ya awali nzima, Corbitt akiwa mbele.

Februari 2012 waliingia studio ya Jourgensen, 13th Planet, huko El Paso. Naomba msomaji alitilie maanani hili: watu waliokuwa wamepitia bendi nyingine kubwa kwa miaka 20 walikuja na kila walichojifunza huko, lakini hawakuileta Ministry wala GWAR ndani ya Rigor Mortis. Nyimbo kama Poltergeist na Flesh for Flies ni thrashi ya Texas ya mwaka 1988 iliyopigwa na mikono iliyokomaa. Noti zimetengana. Mbio zinapoanza unajua zimewekwa hapo kwa makusudi, kwa sababu kabla yake wamekupa sehemu inayotembea. Nyimbo mbili za mwisho, Sacramentum Gladiatorum na Ludus Magnus, zinawahusu wapiganaji wa Roma ya kale, na ndani yake bendi inakubali kuchukua muda wake. Wakiwa na miaka 22 wasingekuwa na subira hiyo.

Usiku wa tarehe 22 Desemba 2012 bendi ilikuwa ikipiga kwenye ukumbi wa Rail Club, Fort Worth, kusherehekea miaka 50 ya Corbitt. Scaccia alianguka jukwaani gitaa likiwa mkononi, akafariki. Alikuwa na miaka 47. Ilikuwa ni moyo. Albamu ilikuwa imesharekodiwa lakini haijatoka. Waliobaki walichangisha fedha kwa mashabiki kupitia Indiegogo, wakaitoa wenyewe mwezi Oktoba 2014. Corbitt naye alifariki Januari 2019, akiwa na miaka 56, kwa saratani ya umio.

Kwa sababu hiyo wengi huisikiliza kama albamu ya msiba. Mimi naona tunaipunja tukiisikiliza hivyo. Ilirekodiwa na watu waliodhani wana miaka mingine 10 mbele yao, na furaha yao inasikika.

Houston, mji mwingine wa Texas, nayo ina ukongwe wa aina yake. D.R.I. walianza hapo mwaka 1982 kama bendi ya panki: rekodi yao ya kwanza ilibana nyimbo 22 kwenye sahani ndogo ya inchi 7. Walihamia San Francisco, na mwaka 1987 wakatoa Crossover, albamu iliyoupa jina mtindo mzima wa kuchanganya panki na thrashi. Tangu albamu ya mwaka 1995 wametoa kitu kipya kimoja tu, rekodi fupi ya mwaka 2016, na nadhani walifanya busara. Ufupi ni nidhamu. Reign in Blood ya Slayer, ya mwaka 1986, haifiki dakika 29. 72 Seasons ya Metallica, ya mwaka 2023, inapita dakika 77, na kwa sikio langu theluthi yake ingeweza kubaki studio.

Hapa Missouri City, kusini-magharibi mwa Houston, vijana wanajivunia rapa Travis Scott aliyekulia mjini humu, na wana haki. Wale wanaonijia kuuliza thrashi ianziwe wapi nawapa Slaves to the Grave kwanza, waisikilize kwa vipokea sauti, wafuate gitaa la rithim peke yake toka Poltergeist hadi mwisho. Baada ya hapo warudi kwenye albamu ya 1988. Wengi hutarajia kumkuta Scaccia kijana akiwa na kasi kubwa zaidi. Wanamkuta akifanya kazi ngumu zaidi.