Chumba cha kungojea cha klasi ya kwanza

Tukisikia "klasi ya kwanza" tunafikiri ni kiti kikubwa ndani ya ndege tu. Hapana, mambo yanaanza chini, kabla ya kupanda.

Tutwae mji wa Frankfurt, Ujerumani. Kule kampani Lufthansa ilifungua katika mwaka 2004 nyumba nzima kwa abiria hawa, mbali na nyumba ya wote. Ukifika, mtumishi anakupokea, anashika paspoti na mizigo. Ukaguzi uko humo humo, hakuna kusukumana. Unakula unachotaka, hakuna anayekuletea hesabu. Kuna vitanda, na vyumba vya kuoga; humo wanatia bata mdogo wa mpira, kitu cha watoto! Na wazee wenye kravati wanamtia mufukoni, wanaenda naye nyumbani. Saa ikifika, shofa anakupeleka kwa motokari mpaka chini ya ndege.

Desturi hii si ya jana. American Airlines ilifungua chumba chake LaGuardia, New York, mwaka 1939. Wakati ule mtu aliingia kwa kualikwa.

Sasa ulizo: njo bure? Mulangoni hulipi kitu, kweli. Lakini bei iko tayari ndani ya tikiti, na tikiti ile inapita ya kawaida mara nyingi. Mwenye kula kidogo amelipia mwenye kula sana. Na kampani inawaza hivi: huyu akikasirika leo, kesho atapanda kwa wengine, na feza yake ni ya viti vingi vya nyuma.