Kobe Hana Kosa, Mtafuteni Papasi

Mara kwa mara mgonjwa mwenye homa kali hutuambia hivi: "Watoto walileta kobe kutoka porini, ana kupe shingoni. Tangu siku ile hatuna afya nyumbani." Basi kobe hutupwa, au huliwa, na homa hubaki pale pale.

Ni kweli kobe wa porini wana kupe. Kupe hao hushika penye ngozi laini, shingoni na kwenye mapaja, wakanyonya siku nyingi. Tena ni kweli kwamba kobe hupata vijidudu vya damu kwa njia ya kupe. Kuna kobe wa Afrika ya Kaskazini na Uturuki ambao huvipata kwa kummeza kupe mwenyewe. Lakini vijidudu hivyo ni vya kobe, wala sivyo viletavyo homa hii. Ukimwona kupe wa kobe, usimpasue kwa vidole, hiyo yatosha.

Homa ninayosema huletwa na papasi, ambaye wengine hapa Kongo humwita kimputu. Ni wa jamaa ya kupe, ila desturi zake ni nyingine. Mgongoni hana ngao ngumu. Ngozi yake ni kama ya mfuko mkuukuu. Hakai mwilini mwa mtu. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta wa udongo na katika vumbi la sakafu. Usiku hutoka, hunyonya muda mfupi, akarudi mafichoni kabla hujaamka. Ndiyo maana mwenye nyumba huapa kwamba kwake hakuna kupe hata mmoja. Papasi aweza kukaa miaka bila kula, hivyo nyumba iliyoachwa tupu si salama. Na akiwa na vijidudu, watoto wake huvipata tangu yaini. Jamaa zake ni wengi: mmoja hukaa mashimoni mwa ngiri, mwingine wa Afrika ya Kusini hunyonya kobe. Huyu wetu amependa nyumba ya mtu.

Jambo hili lilichunguzwa katika nchi yetu. Waganga wawili, Dutton na Todd, walitumwa Kongo na shule ya Liverpool inayochunguza magonjwa ya nchi za joto. Waliwaacha papasi wawaume kima, na kima wakaugua. Waganga wenyewe wakashikwa na homa ile ile. Todd alipona. Dutton alikufa Kasongo mwezi wa Februari 1905, mwenye umri wa miaka 30, na kijidudu cha homa hii kina jina lake hata leo.

Homa huanza ghafula. Kichwa, mgongo na viungo huuma sana, na wengi hutapika. Baada ya siku chache homa hushuka, mgonjwa akashukuru, akarudi shambani. Kisha, yapata juma moja, homa hurudi. Hushuka tena, hurudi tena. Wengi hudhani ni malaria, wakameza dawa ya malaria, wakangoja bure. Njooni hospitali wakati mwili ungali moto, kwa maana ndipo vijidudu huonekana katika tone la damu, kama nyuzi zilizojipinda.

Nawaonya zaidi wanawake wenye mimba. Homa hii huharibu mimba, au mtoto huzaliwa kabla ya wakati wake, akafa. Nimesikia majirani wakitaja uchawi mbele ya mama aliyefiwa hivyo, na papasi wako chini ya mkeka wake.

Dawa iko, nayo huponya: penisilini, au tetrasiklini kwa mtu mzima asiye na mimba. Saa chache baada ya dawa ya kwanza mgonjwa aweza kutetemeka sana na homa kupanda. Msiogope, wala msikimbie na mgonjwa wenu. Kaeni naye hospitali siku ile, mganga amwangalie.

Nyumbani zibeni nyufa zote, mpige sakafu iwe ngumu na laini. Lala juu ya kitanda kilicho mbali na ukuta, chini ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Kuku wasilale ndani, maana papasi hunyonya kuku pia. Na ukilala safarini katika nyumba ya udongo, kung'uta mkeka na mzigo wako juani kabla ya kuuingiza kwako.