Nafasi Ndogo ya Valvu

Gari likipanda mlima Kitonga kuja Iringa, injini hupata moto sana. Chuma chenye moto hurefuka, na valvu ni chuma. Kwa hiyo fundi aundaye injini hana budi kuacha nafasi ndogo kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Katika Land Rover za zamani za petroli, za lita 2.25, nafasi hiyo ni milimita 0.25. Ikikosekana, valvu haifungi sawasawa, nayo huungua. Ikizidi, injini hugonga na kupungua nguvu.

Valvu ni 8, zahesabiwa toka mbele. Ya 1 ikiwa wazi kabisa, pima ya 8. Ya 3 ikiwa wazi, pima ya 6. Jumla ni 9 daima. Kaza nati, kisha pima tena.