Sambaza: Mhamiaji wa Ziwa Kivu

WATU wa pwani hujivunia kaa na chaza wao. Mnyarwanda hana bahari, lakini anaye sambaza wa Ziwa Kivu, samaki mdogo ambaye ni ndugu wa dagaa wa baharini. Jijini Kigali huletwa mezani kwenye sahani kubwa, wamekaangwa wazima hadi wakakauka, pamoja na ndimu, pilipili na ndizi za kukaanga. Huliwa kwa vidole, kichwa na mifupa yake.

Kwa sisi tuliosomea uhamishoni, ladha hiyo si ngeni. Aliyekulia Kigoma au Bujumbura alizoea dagaa, na wa Goma au Bukavu alizoea sambaza. Hapa nyumbani, hata hivyo, wafugaji wengi wa zamani hawakumhesabu samaki kuwa chakula cha heshima mbele ya maziwa. Siku hizi mambo yamebadilika, na sisi tuliorejea tuna mchango wetu katika hilo.

Wasilolijua wengi ni kwamba sambaza mwenyewe ni mhamiaji. Kivu ilikuwa na aina chache tu za samaki, nao waliishi zaidi karibu na ufuko. Vijidudu vinavyoelea katikati ya ziwa havikuwa na mlaji wa maana. Kati ya mwaka 1958 na 1960, Wabelgiji walileta vifaranga wa aina mbili za dagaa kutoka Ziwa Tanganyika. Aina moja ilitoweka. Ya pili ikazaana, na ndiyo sambaza tunayemla leo.

Uvuvi wake una desturi zake. Mitumbwi mitatu hufungwa sambamba kwa miti mirefu. Jioni wavuvi wa Rubavu, Karongi na Rusizi huingia ziwani wakiimba, ili makasia yaende pamoja. Usiku wavu hushushwa na taa kuwashwa. Mwanga huvuta vijidudu, sambaza hufuata chakula, kisha wavu hupandishwa. Taa za betri na za nguvu za jua zimechukua nafasi ya karabai, lakini nyimbo zingalipo.

Asubuhi ni zamu ya wachuuzi, wengi wao akina mama. Kwa miaka mingi wamevuka mpaka na mabeseni kichwani kuwapeleka sambaza Goma na Bukavu. Mwaka 2020 mpaka ulipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, wengi walipoteza soko. Biashara hii, basi, haihitaji pigo jingine.

Na pigo hilo laweza kutoka mikononi mwetu. Kila mwaka upande wa Rwanda husimamisha uvuvi huu kwa takriban miezi miwili ili samaki wazaane. Bei hupanda, na wapo wanaoingia usiku na nyavu za matundu madogo zinazozoa hata vifaranga. Wavuvi hao wanategemea mnunuzi. Ndugu mchuuzi, beseni la vifaranga unalolinunua leo ni mabeseni kadhaa utakayoyakosa mwakani.

Nasi walaji tunao wajibu. Miezi hiyo ikifika, tuulize sambaza waliokaushwa kabla ziwa halijafungwa, au tule tilapia wa kufugwa. Ziwa likifunguliwa, sahani itarudi mezani, na samaki watakuwa wamenenepa.