Kununua Nyumba kwa Dalali: Ujira Wake, "Cha Juu" na Haki za Warithi



Tunaulizwa mara kwa mara, hasa na familia za Unguja na Pemba zenye jamaa wanaotuma fedha kutoka Oman na kwengineko: nyumba inunuliwe kwa dalali, au mnunuzi amwendee mwenye nyumba mwenyewe? Na anachochukua dalali ni halali?

Udalali wenyewe ni halali. Imaam al-Bukhaariy ameweka mlango wa ujira wa dalali katika Swahiyh yake, akawataja Ibn Siyriyn, 'Atwaa, Ibraahiym na al-Hasan kuwa hawakuona ubaya ndani yake. Dalali anatafuta, anatembea juani, anakutanisha watu, anastahiki malipo. Muamala huu aghlabu huingia katika ju'aalah, yaani ahadi ya malipo kwa atakayekamilisha kazi. Asipokamilisha hana kitu. Kwa Mashaafi'iy, malipo hayo lazima yajulikane tangu mwanzo. Ile "tutaangaliana baadaye" si makubaliano.

Penye mashaka ni cha juu. Tuseme mwenye nyumba anataka milioni 38. Dalali anamwambia mnunuzi milioni 45, anahakikisha wawili hao hawaonani, zile 7 anatia mfukoni, kisha anadai na ujira wake. Wako wanaojitetea kwa kauli iliyopokewa kutoka kwa Ibn 'Abbaas (Radhwiya Allaahu 'anhumaa), kuwa si vibaya mtu kuambiwa auze nguo kwa bei kadhaa na kinachozidi kiwe chake. Kauli hiyo ipo, na Mahanbali wameichukua. Wengi wa Wanachuoni hawakuikubali kwa sababu ujira haujulikani. Lakini hata kwa walioikubali, mwenye mali ndiye aliyeridhia. Huyu dalali wetu nani aliyemruhusu? Amemficha muuzaji na amemdanganya mnunuzi. Hiyo ni ghishi.

Tukumbuke kisa cha 'Urwah al-Baariqiy. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alimpa dinari amnunulie mbuzi. Akanunua wawili, mmoja akamuuza kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari yake. Faida aliirudisha kwa mwenyewe, naye akaombewa baraka katika biashara yake. Dalali anayezua mnunuzi asiyekuwepo ("kuna mtu wa Dubai anaitaka kesho") ili bei ipande, naye anaingia katika najsh iliyokatazwa.

Basi atumike au asitumike? Ukiwa upo kisiwani, unaijua shehia na unamjua muuzaji, kwa rai yetu humhitaji. Ukiwa mbali, au mtaa huujui, atakufaa sana. Ila ujue mpaka wake: kazi yake ni kukuonyesha nyumba, si kukudhaminia umiliki wake.

Na hapa ndipo familia nyingi zinapoumia. Nyumba ni ya marehemu babu, haijagawiwa. Anayekaa ndani ni kaka mmoja, naye ndiye anayeuza. Dada yuko Wete, mwengine Muscat, hawana khabari. Hisa ya asiyeridhia haikuuzika, hata kama fedha imelipwa yote na dalali ameapa. Mnunuzi aliyeweka akiba ya miaka anajikuta mahkamani na mayatima wa watu. Uliza warithi ni nani, uone mirathi imethibitishwa, na kila mmoja aridhie, yeye au wakili wake. Waulize majirani na sheha. Hakikisha pia kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kuwa nyumba si wakfu, maana wakfu hauuzwi.

Yako na ya serikali. Kwa Sheria ya Umilikaji Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Mtu ana haki ya kuitumia, na haki hiyo huhamishwa kwa idhini ya Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Karatasi iliyoandikwa barazani mbele ya mashahidi ni jambo jema, nasi tumeamrishwa kushuhudisha tunapouziana (Al-Baqarah: 282), lakini haitoshelezi uhaulishaji.

Ukimchukua dalali, andikianeni: kiasi gani, nani analipa, na lini. Ni bora alipwe uhaulishaji ukishakamilika. Akichukua kwa pande zote mbili, kila upande uwe unajua. Bei ya nyumba iende kwa wenye nyumba moja kwa moja, isipitie mkononi mwake. Aliye ng'ambo amuweke jamaa muaminifu awe wakili wake. Na jamaa naye asitie cha juu, kwani udugu hauhalalishi.

Kuna dhulma ya upande wa pili isiyosemwa sana. Dalali amekuonyesha nyumba kwa makubaliano, kisha usiku unamzunguka kwa mwenye nyumba mmalizane bila yeye. Haki yake imo shingoni mwako, na unatakiwa umlipe hata kama hatojua kamwe.

Na Allaah Anajua zaidi.