Mtungi wa gesi kwenye baridi kali

Propani haingoji moto ili ichemke. Inachemka kwenye nyuzi 42 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa hiyo karibu kila mahali duniani ingekuwa mvuke mtupu kama isingefungiwa ndani ya chuma. Mtungini imeshindiliwa mpaka ikawa kimiminika, na juu ya kimiminika hicho pana nafasi ya mvuke. Koki ikifunguliwa, unaotoka ni mvuke. Kimiminika huchemka kufidia uliotoka, na joto la kukichemsha hutoka kwenye hewa iliyouzunguka mtungi, likipenya chuma. Karibu kila tatizo la gesi wakati wa baridi linaanzia hapo.

Hewa ikiwa na nyuzi 20, presha ndani ya mtungi wa propani ni takriban mara 8 ya ile ya hewa ya kawaida. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, jambo lisiloshangaza mtu katika usiku wa Januari kule Minnesota au Manitoba, hushuka hadi mara 2 na nusu hivi. Hiyo bado inatosha kuendesha mtambo wa kupasha nyumba joto. Lakini Fairbanks, huko Alaska, zipo nyakati ambapo baridi hupita nyuzi 40 chini ya sifuri. Hapo gesi hutulia ndani kama maji kwenye debe, na koki ikifunguliwa hakitoki kitu.

Butani hushindwa mapema zaidi, kwani kiwango chake cha kuchemka ni nusu nyuzi tu chini ya sifuri. Mitungi ya Afrika Mashariki hujazwa mchanganyiko wa gesi hizo mbili, nao haukosi nguvu Dar es Salaam wala Mombasa. Makete na Njombe, ambako sakitu hutanda asubuhi za Juni na Julai, mambo huwa mengine. Propani ndiyo inayotangulia kutoka, na kadiri mtungi unavyotumika, inayobaki chini huwa butani zaidi na zaidi. Moto wa jiko hufifia alfajiri na mpishi husema gesi imeisha, ilhali akiutikisa mtungi anasikia kimiminika kikicheza ndani. Mitungi ya namna hiyo hurudishwa dukani ikiwa na gesi iliyokwisha kulipiwa. Dawa ni mizani: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, na kinachozidi hapo ni gesi. Jua likipanda, moto nao hupanda.

Wasio na subira huupasha mtungi moto, na hapo ndipo hatari kubwa kuliko zote ilipo. Wapo wanaousogeza karibu na jiko la mkaa, na kwenye nchi za theluji wapo wanaoumulika kwa tochi ya moto ya fundi bomba. Chuma kilichopata moto mahali pamoja hulegea wakati presha ndani inapanda. Vali ya usalama hufunguka presha ikifika takriban mara 26 ya ile ya hewa, na gesi inayofyatuka hukutana na moto uleule uliowekwa kuisaidia. Zipo blanketi za umeme zilizotengenezwa mahususi kwa mitungi, zenye kidhibiti joto. Zaidi ya hizo, njia ya halali ni kuwa na mtungi mkubwa zaidi, au uliojaa zaidi.

Kujaa kuna maana yake. Joto hupenya vizuri pale ambapo ukuta wa chuma umegusana na kimiminika, hivyo tangi lililobakiza kidogo huchemsha kidogo. Ndiyo sababu wasambazaji wa Marekani na Kanada huwahimiza wateja kuagiza likibakiza asilimia 20 hadi 30. Kuna sababu nyingine, ya soko. Mwishoni mwa 2013 wakulima wa eneo la kati la Marekani walitumia propani nyingi kukaushia mahindi yaliyovunwa na unyevu, kisha baridi kali ikafuata. Januari 2014 bei ziliruka na majimbo kadhaa yakatangaza hali ya dharura.

Hata hivyo mtungi haujazwi kupita asilimia 80. Propani hutanuka sana inapopata joto. Mtungi uliojazwa pomoni nje penye baridi, kisha ukaingizwa ndani ya nyumba yenye joto, unaweza kukosa nafasi na kuitapika gesi kupitia vali ya usalama. Tangu 2002 mitungi midogo ya majiko ya kuchomea nyama nchini Marekani haijazwi bila kuwa na kifaa cha kuzuia kujaa kupita kiasi.

Mahali pa kuuhifadhi ni nje, ukiwa wima, koki imefungwa. Baridi haiudhuru, na kuuonea huruma kwa kuuingiza ndani ni kosa. Mvuke wa propani ni mzito kuliko hewa mara moja na nusu. Ukivuja hutambaa sakafuni, hushuka hadi chumba cha chini ya nyumba na kuufikia moto wa hita ya maji.

Theluji, tofauti na baridi yenyewe, hudhuru. Regyuleta, kifaa cha kudhibiti presha, ina tundu dogo la kupumulia, na barafu ikiliziba, presha inayoingia nyumbani huweza kupanda au kuanguka. Tundu hilo huelekezwa chini na kufunikwa, na theluji hufagiliwa kwa ufagio, si kwa sepetu. Tangi halikai chini ya ukingo wa paa, kwa maana theluji inayoporomoka huvunja mabomba.

Propani haina harufu. Inayosikika ni ya ethili merkaptani inayochanganywa humo makusudi, utaratibu ulioenea baada ya gesi asilia kulipua shule ya New London, Texas, Machi 1937, na kuua watu karibu 300. Harufu ikisikika, swichi haziguswi: watu hutoka, koki ya nje hufungwa, na simu hupigwa kutoka mbali.

Kaboni monoksidi haina hata harufu ya kupandikizwa. Hutoka kwenye moto uliokosa hewa, iwe ni jiko la kuchomea nyama lililoingizwa sebuleni au bomba la moshi lililofukiwa na theluji. Umeme ulipokatika Texas, Februari 2021, familia ziliota moto wa namna hiyo na watu wakafa, kama wanavyokufa wanaolala na jiko la mkaa chumbani. King'ora cha kaboni monoksidi hufungwa karibu na vyumba vya kulala, na si lazima kiwe chini, kwa kuwa gesi hiyo huchanganyika na hewa yote. Cha propani hufungwa chini, karibu na sakafu.