Setilaiti ya Uhuru na Chanzo Kigeugeu cha Eksirei

Mto Tana upitao Garissa humwaga maji yake katika Ghuba ya Ungwana. Ni katika ghuba hiyohiyo, kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco karibu na Ngomeni, iliporushwa setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza eksirei za angani. Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, na Wamarekani walioiunda wakaiita Uhuru. Jina hilo twalitaja kwa fahari. Kazi yake hatujaieleza vya kutosha kwa lugha iliyolizaa.

Mkazi wa Garissa atazamapo kaskazini usiku wa Agosti huliona kundinyota la Cygnus. Haioni eksirei itokayo humo, kwani angahewa huizuia. Chanzo chake, Cygnus X-1, kiligunduliwa kwa roketi mwaka 1964, lakini ni Uhuru iliyobaini kwamba eksirei zake hupanda na kushuka katika muda usiotimia sekunde moja. Ugeugeu, ambao kwa binadamu ni aibu, hapa ni ushahidi. Kitu hakiwezi kubadilika chote upesi kuliko muda ambao nuru hukivuka, na nuru huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Chanzo hicho basi ni kidogo mno kuliko Jua, lenye kipenyo cha kilomita milioni 1.4.

Hata hivyo, Uhuru ilionyesha eneo tu, si nyota ipi. Mwaka 1971 darubini za redio za Uholanzi na Marekani zilinasa mawimbi yaliyojitokeza wakati uleule eksirei za nishati ndogo zilipofifia. Kulingana huko kwa nyakati ndiko kulikothibitisha kuwa ni kitu kimoja. Redio ikaelekeza kwenye nyota ya buluu, HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin, na kando yao Tom Bolton, walipoichunguza nuru yake ya kawaida, waliikuta ikiyumba kila baada ya siku 5.6, ikivutwa na mwenzi asiyeonekana, mzito kupita kiasi cha kuwa nyota ya nutroni. Huyo ndiye shimo jeusi: gesi ya nyota humwendea ikizunguka, hupata joto kali, nayo hutoa eksirei. Vipimo vya redio vilivyotolewa mwaka 2021 vilimpa uzito wa Jua mara 21.